Maziwa Waliyoninywesha

Mpaka leo sinywi maziwa. Hata yawe ndani ya chai, nikiyanusa nasukuma kikombe pembeni. Watoto wa mdogo wangu wananicheka, wanasema shangazi siku hizi anaringa. Siringi. Wao hawakuwepo siku ile pale kibandani, na baba yao hapendi kuwasimulia.

Nilikuja Kemambo, huku Tarime, kutoka upande wa Sengerema, nikimfuata mume aliyesikia kwamba huku dhahabu inachimbwa hata na asiye na kitu. Mume alipata dhahabu kidogo na mwanamke mwingine, akaondoka na vyote viwili. Mimi nikabaki na masufuria. Nikafungua kibanda cha chakula kando ya njia wanayopita wachimbaji, nikawa mamantilie, na baada ya mwaka mmoja hivi akaja mwanamke wa Ringwani, mjane, akaomba kazi ya kuosha vyombo. Vyombo aliosha siku mbili tatu tu. Nilipoonja ugali wake nikampa mwiko.

Tulipika pamoja miaka mingi. Yeye alikuwa mtu wa maneno machache. Mimi ni Msukuma, nacheka kwa sauti na kugombana kwa sauti, na yeye alikuwa akinisubiri nimalize kisha anasema neno moja. Wateja walituita mapacha, ingawa mimi ni mnene mfupi na yeye ni mrefu kama mlingoti. Alikuwa akiniita dada. Mimi nilimwita mwenzangu, na hapa nitamwita hivyo hivyo.

Kabla ya siku yenyewe nilikuwa nimechoka kwa wiki nzima uchovu nisiouelewa. Nikibeba ndoo kutoka kisimani ilibidi niitue njiani, nishike kifua, nipumue, kisha niendelee. Nilidhani ni kiungulia. Kwenye duka la dawa waliniuzia vidonge vya kutafuna vya gesi, na nilivitafuna kama karanga.

Asubuhi ile mwenzangu alikuwa anaosha utumbo wa ng'ombe kwenye karai, mimi nikaenda kuinua sufuria ya maharage niisogeze jikoni. Niliinama, nikashika masikio ya sufuria, na hapo hapo kitu kikanikalia kifuani. Watu wanadhani ni maumivu ya kuchoma kama kisu. Yangu yalikuwa uzito, kama mtu amekushushia gunia la unga kifuani na kukaa juu yake. Uzito ukapanda hadi kwenye taya, meno yote ya upande wa kushoto yakauma kama yameoza, mkono wa kushoto ukawa si wangu. Jasho likanitoka, jasho la baridi, na mbele ya jiko linalowaka nikaanza kutetemeka.

"Mwenzangu," nikamwambia, "nishike."

Aliacha utumbo, akanishika kwapani, akanikalisha chini juu ya gunia na kuniegemeza kwenye nguzo. Akanilegezea kanga na vifungo vya blauzi. Hakunipa chochote. Akaniangalia machoni, kisha akawageukia wateja.

"Huyu anaumwa sana," akasema. "Tafuteni gari. Sasa hivi."

Kama wangemsikiliza, nisingekuwa na la kusimulia.

Mteja wa kwanza kusimama alikuwa mtu wa kwetu. Nasema wa kwetu, maana alitoka kijiji cha pili kutoka nilipozaliwa, tuliongea Kisukuma, na kila siku nilimuongezea kipande cha samaki kwa sababu hiyo tu. Hakwenda kutafuta gari. Alisogea, akaniinamia, akanusa mdomo wangu. Ndiyo, alininusa, kama mtu anavyonusa nyama anayoishuku. Kisha akanyanyuka na kupiga kelele.

"Huyu kalishwa sumu!"

Sijawahi kuona watu wakikusanyika haraka namna ile. Penye kazi ya kubeba huwaoni, penye sumu wanaota kama uyoga. Kibanda kikajaa. Hewa ikaisha. Nikaona miguu yenye matope ya mashimoni ikikanyaga utumbo uliokuwa kwenye karai, na hakuna aliyeangalia chini.

"Chai kamimina nani?" mtu wa kwetu akauliza.

Kila mtu alijua aliyemimina chai. Kila asubuhi ni yeye.

"Ni mimi," mwenzangu akasema. "Na mimi nimekunywa hiyo hiyo. Tafuteni gari."

"Muone anavyoharakisha aondolewe!" mwingine akadakia. "Anataka akafie mbali!"

Mama mmoja alikuwa anapita na dumu la maziwa akipeleka kwa wateja wake. Walimnyang'anya. Mtu mwingine akaleta mayai mabichi kutoka dukani, wakayapasulia kwenye kikombe cha plastiki, wakamimina maziwa juu yake na kukoroga kwa kidole. Kwa kidole! Na kidole hicho hicho ndicho kilichokuja kunifungua meno. Kilikuwa kinanuka ugoro. Mmoja alinishika pua, mwingine kidevu, wakanilaza chali chini, sakafu ya udongo yenye magamba ya samaki, na wakamimina.

Mtu aliyekaliwa na gunia kifuani hapati pumzi ya kutosha hata akiwa amekaa. Nilipolazwa nikahisi nazama. Maziwa yakaingia puani. Yai likateleza kooni kama kamasi la mtu mwingine, likarudi, wakalirudisha. "Meza! Meza, sumu ivunjike!" Kidole cha ugoro kikaingia mpaka kwenye kilimi ili nitapike, na nilipotapika walishangilia.

"Inatoka! Inatoka hiyo!"

Ilikuwa ni chai na maziwa yao. Ilinijaa shingoni, masikioni, ikaingia ndani ya nguo. Nilijinusa. Kifo sikukiogopa wakati ule kama watu wanavyofikiri. Niliona kinyaa. Niliwaza, hivi ndivyo nitakavyokutwa, mwanamke niliyekuwa nafua aproni yangu kila jioni.

Kisha nikasikia kofi. Sikuona, kwa kuwa watu walikuwa wamenizunguka, lakini kofi la mtu mzima kwenye uso wa mtu mzima lina sauti yake. Nikasikia sufuria ikianguka. Nikasikia mwenzangu akisema, bila kupaza sauti, "Nimefanya nini?" Kofi la pili. Nilitaka kusema mwacheni. Nilifungua mdomo niseme mwacheni, na kilichotoka ni yai.

"Mnaona?" wakasema. "Anataka kumtaja."

Mama mchungaji, jirani yangu, akafika akiwa amevaa gauni lake la ibada na manukato ya kukaba roho. Akapiga magoti, akaweka viganja vyote viwili kifuani pangu, pale pale penye gunia, akaanza kukandamiza huku akiamuru kitu kitoke. Nilikuwa na akili zangu zote. Nilikuwa napumua na macho yangu yako wazi yakimtazama. Kila alipokandamiza niliona giza. Mate yake yalinidondokea usoni. Simlaumu kwa kuomba, na mimi naomba. Namlaumu kwa sababu aliniona nikisukuma mikono yake, akasema ni pepo ndilo linalosukuma.

Katikati ya yote hayo nikasikia sauti ya upole. "Jamani sogeeni kidogo, mnamzibia." Nikashukuru moyoni, nikasema afadhali yupo mmoja mwenye utu, ananitafutia hewa. Watu wakasogea. Mwanga ukaniingia machoni. Nikamwona aliyesema, kijana wa kuuza vocha, ameinua simu. Alitaka mwanga wa picha.

Mdogo wangu wa kiume, aliyenifuata Kemambo kuchimba, alipelekewa habari shimoni. Alikuja na matope mpaka kwenye nyusi. Hakuuliza sumu wala pepo. Alivunja lile duara la watu kwa mabega, akaninyanyua mgongo, akaniegemeza kifuani pake.

"Dada, unanisikia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Gari liko wapi?" akauliza watu.

Muda wote ule, watu wote wale, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ametafuta gari. Namba ya gari la wagonjwa walikuwa nayo wengine kwenye simu zao, simu zilezile walizokuwa wanapigia picha. Mdogo wangu alipopiga, wakamwambia limempeleka mama mwenye uchungu mjini, bado halijarudi. Akatoka mbio kwenda kwa mnunuzi wa dhahabu aliyekuwa na gari jeupe.

Mnunuzi alikuja pole pole. Akachungulia.

"Anatapika?"

"Ametapika," mdogo wangu akasema. "Kaka, tusaidie."

"Basi ngoja nitandike."

Tukangoja atandike. Alichotandika ni turubai la kuanikia dagaa, na harufu yake nadhani mnaijua. Kisha akasema maneno ambayo naweza kuyarudia bila kukosea hata moja. "Akifia njiani mnashuka naye hapo hapo. Hili gari ni la biashara."

Gari lilisimama juu ya kilima kidogo kwa sababu hakutaka kushusha tairi kwenye tope. Mzee mmoja Mkurya akamwambia mdogo wangu, "Mura, kijana, mtembeze, damu ichangamke." Wengine wakaitikia, mtembeze, mtembeze. Wakanisimamisha. Nilipiga hatua mbili na miguu ikakataa. Mdogo wangu akatukana tusi ambalo mama yetu angelilia kulisikia, akachukua kiti cha plastiki, akanikalisha, akamwita mchimbaji mwenzake, wakanibeba juu ya kiti mpaka garini.

Nilipogeuza shingo nilimwona mwenzangu. Amekaa chini ukutani, kilemba kimeanguka, damu mdomoni. Mtu amemkanyagia kanga asiinuke. Aliniangalia. Nilitaka aone kwamba ninajua, lakini sijui kama uso wangu ulikuwa na uwezo wa kusema chochote.

Ndani ya gari wakanilaza juu ya turubai, na mama mchungaji na yule mtu wa kwetu wakaingia pia. Nilidhani wanakuja kunisaidia. Njiani mtu wa kwetu akamuuliza dereva kama baada ya hospitali atapitia sokoni, ana vitu vyake vya kununua. Mnunuzi naye alisimamisha gari mara moja, akashusha kioo, akaongea na mtu wa pikipiki mambo ya mzigo wake, wakacheka. Wakacheka! Mdogo wangu alikipiga kiti chake kwa nyuma, ndipo akaondoa gari. Vumbi liliingia, turubai likanuka, mama mchungaji akaanza wimbo na kusimama katikati kwa kuwa alisahau ubeti.

Tulisimama kwenye zahanati iliyo njiani. Alitoka mganga, mwanamke bado kijana, sauti kavu. Aliingiza kichwa garini na kitu cha kwanza alichosema ni hiki:

"Nani kamlaza hivi? Mwinueni mgongo. Magoti juu."

Wakaniinua. Pumzi ikapata njia.

"Mama, maumivu yako wapi?"

Nikaonyesha kifua, taya, mkono. Akashika mshipa wa mkono, akanipima presha, akaniuliza kama nina vidonda vya tumbo, kama nimewahi kutapika damu, kama kuna dawa isiyopatana na mwili wangu. Nikatikisa kichwa. Akanipa aspirini.

"Itafune. Usiimeze nzima. Tafuna mpaka ilainike."

Ilikuwa chungu. Nilitafuna uchungu ule kwa shukrani, maana kilikuwa kitu cha kwanza kuingia mdomoni mwangu siku ile bila kusukumwa.

"Na haya maziwa na mayai nguoni?" akauliza. "Nani kampa?"

Mtu wa kwetu akajibu kwa majivuno. "Tulikuwa tunaokoa maisha, dokta. Alilishwa sumu."

"Sumu gani? Mtu anabanwa kifua, jasho linamtoka, mkono unauma, huo ni moyo. Anakaa, anatulizwa, hapewi cha kula wala kunywa, hatembezwi, anawahishwa. Mlikuwa mnamziba pumzi." Kisha akamtazama mama mchungaji. "Na wewe unafanya nini humu?"

"Namuombea."

"Utamuombea ukiwa nje. Shukeni wote wawili, naingia mimi."

Walishuka. Mpaka leo nikikumbuka nyuso zao nje ya dirisha, roho yangu hupata burudani kidogo, na sioni haya kusema. Mganga akapanda na begi lake, akapiga simu hospitali ya mjini kuwaambia tunakuja na mgonjwa wa moyo, akanishika mkono njia nzima akiniuliza maswali mafupi ili ajue kama bado nipo. Kwa mnunuzi alisema neno moja tu. "Endesha." Na aliendesha.

Tarime mjini walikuwa wanatungoja. Walinibandika nyaya, wakanipima, wakanitundikia dripu, na baadaye nikapelekwa Mwanza. Huko daktari aliniambia kwa upole kwamba mshipa mmoja wa moyo uliziba, na kwamba kipande cha nyama ya moyo kimekufa na hakitafufuka. Nilimuuliza kama waliona sumu. Akashangaa. "Sumu ya nini, mama?"

Nilirudi Kemambo nikitembea kama mtu aliyebeba yai. Mdogo wangu alinikalisha, akanieleza yaliyotokea baada ya gari kuondoka. Walimpiga mwenzangu mpaka jino likatoka. Walitaka kumfanyia zaidi, ila mwenyekiti wa kitongoji alifika akamwondoa, akampandisha pikipiki na nguo alizovaa. Alikwenda bila hata ndala.

"Na kibanda?" nikauliza.

"Dada, acha."

"Niambie."

"Walikula."

Sikumwelewa.

"Maharage. Ugali. Samaki wote. Gari lilipoondoka walikaa wakala. Hata chai waliimaliza."

Walimtoa mwanamke jino kwa sababu ya chai yenye sumu, kisha wakainywa chai. Wakanawa mikono yenye damu yake, kama walinawa, na wakamega ugali aliousonga yeye. Nimeona mengi ya kutia kichefuchefu jikoni maisha yangu yote, nimeosha matumbo na kukuta mambo ndani, lakini sijawahi kuona kitu kichafu kama hicho.

Wakaanza kuja kuniona. Sukari, ndizi, sabuni. Walikaa kwenye viti vyangu, wakasema pole dada, Mungu ni mwema, na kila mmoja alikuwa ananitazama kwa jicho la mtu aliyekwisha kuniona nikiwa uchi. Sikujua kwa nini, hadi mama mmoja alipofungua simu. "Hebu jione ulivyokuwa, ulikuwa umekufa kabisa." Nikajiona. Blauzi wazi, matapishi shingoni, macho yamegeuka. Chini yake watu wamecheka, wamelia, wameandika amina. Video ilikuwa imefika mpaka Sengerema. Mama yangu mzazi aliiona kabla ya kuambiwa kwamba niko hai.

Siku mtu wa kwetu alipokuja, alikuja na jogoo.

"Dada, shukuru Mungu," akasema kwa Kisukuma. "Kama si sisi kukunywesha, ungekwenda."

"Jino liko wapi?" nikamuuliza.

"Jino gani?"

"La mwenzangu. Mlilitupa wapi?"

Akachekacheka. "Yale yamepita, dada. Watu walikuwa na hasira."

"Chukua jogoo wako," nikamwambia. "Na usipite mbele ya nyumba yangu. Njia ya nyuma ipo."

Aliondoka akinung'unika kwamba ugonjwa umeniharibu tabia. Mdogo wangu aliogopa hasira ingenirudisha hospitali. Mimi sikuwa na hasira. Hasira ina moto. Nilichokuwa nacho kilikuwa baridi, kama mafuta yaliyoganda juu ya supu ya jana, na kilikaa.

Nilipopata nguvu za kukaa garini mwendo mrefu, nilimwambia mdogo wangu anipeleke Sirari, mpakani na Kenya. Nilisikia kwamba mwenzangu yuko huko. Tulimkuta karibu na malori yanapongoja kuvuka, anachoma chapati chini ya mwavuli. Mawakala wa forodha wamekaa kwenye benchi na makaratasi yao, dereva mmoja wa Kenya anamwita mama kwa lugha yao, "Mathe, niongezee chai, hii imekuwa kidogo sana." Alikuwa amekonda. Aliponiona aliweka kikaango chini, akaja, akanishika mkono, akaweka vidole kwenye mshipa kama anayetaka kuhakikisha.

"Dada. Unaendeleaje?"

"Naishi."

Akanipa kiti. Tulikaa. Alipoongea aliziba mdomo kwa kiganja, na nikaelewa ni kwa sababu ya jino. Nilimwambia nilisikia kila kitu, nilitaka kusema, sikuweza.

"Najua hukuweza," akasema. "Nilikuona."

"Hospitali walisema ni moyo. Nimewaambia wote."

"Na wao walisemaje?"

"Kwamba yamepita."

Akageuza chapati. Nikamwambia nimefikiria jambo. Kwamba sirudi kupika Kemambo, siwezi kuwapakulia watu wale, nitatapika kwenye sahani zao. Kwamba naweza kuja hapa, nikae kwenye kiti, nikande unga, yeye achome. Siwezi kuinua sufuria kubwa tena, lakini mikono bado ipo.

Alitoa chapati kikaangoni, akaweka nyingine.

"Hapana, dada," akasema.

"Kwa nini?"

"Wewe una moyo mbovu sasa. Utaanguka tena. Labda mwaka huu, labda mwaka ujao. Ukianguka hapa, mimi ndiye nitakuwa nimekumiminia chai." Alitoa kiganja mdomoni, akaniacha nione pengo. "Nakupenda, dada. Lakini ukianguka mbele yangu nitakimbia. Sitakushika tena. Sitamshika mtu yeyote."

Alikuwa na haki. Wakala mmoja akamwita, akaenda kumpelekea chai. Mdogo wangu akanisaidia kuinuka, tukaondoka wakati lori la kwanza lilipowashwa, na moshi wake ukamfunika pale aliposimama.